Mama Mkwe Kwenye Njia ya Mzunguko

Mpaka leo sijui kama ile niiite barabara. Barabara ninayoijua mimi huanzia mahali na kuishia mahali pengine. Unatoka Ushirombo, unafika Kharumwa, unauliza kama kuna chai. Hii ya bustani ya kando ya ziwa huanzia getini na kuishia getini hapo hapo. Ni lami nyembamba, safi, laini kuliko lami yoyote tunayopitishia mawe ya dhahabu, na imeizunguka bustani yote kwa kilomita nne na ushee. Upande wa ziwa kuna uzio wa waya kwa ajili ya viboko, upande wa mji kuna miti michanga iliyopandwa kwa mstari. Gari haliingii, bodaboda haiingii, toroli la maji limekatazwa. Anaingia mtu na miguu yake au mtu na baiskeli yake, na wote lazima waende upande mmoja, kufuata mshale mweupe uliochorwa chini.

Mimi ni fundi wa makarasha, zile mashine za kuponda mawe ya dhahabu. Nina miaka arobaini na saba na presha. Daktari aliniambia niendeshe baiskeli kila asubuhi, na nisibebe kitu. Nilimwomba arudie. Kwetu baiskeli kazi yake ni kubeba. Nimeona baiskeli imebeba kitanda, imebeba mbuzi watatu, imebeba mkaa mpaka mwendeshaji haonekani, imebeba bibi harusi na sanduku lake. Baiskeli isiyobeba kitu na isiyokwenda kokote ilikuwa jambo jipya kwangu, na sikulielewa, ila niliogopa kufa.

Mwenzangu mmoja aliyekuwa anahama aliniachia baiskeli yake ya mbio. Matairi membamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, haina keria, haina kengele, haina hata mguu wa kusimamia. Aliniachia na kaptura yake nyeusi ya kubana, ile ya wapanda baiskeli. Niliicheka nikaitupa kabatini. Suruali yangu ilipoingia kwenye cheni mara mbili na mara zote mbili nikaanguka mbele za watu, niliitoa kabatini nikaivaa. Nilikuwa natoka nyumbani alfajiri, kabla majirani hawajafungua milango. Hata hivyo nilikutana na wachache, nao wakauliza kama tunavyouliza sisi wote baada ya salamu.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kuzunguka."

"Kuzunguka nini?"

Nilikuwa naendelea na safari yangu nimekasirika.

Ukweli ni kwamba siyo presha tu iliyonitoa nyumbani. Mke wangu alikuwa ameondoka. Nasema ameondoka, ingawa mwenyewe hakusema hivyo. Alisema anakwenda Kharumwa kumwona mama yake. Alifunga begi moja, akanipikia mboga ya kutosha siku mbili, akaacha ufunguo wake mezani. Siku mbili zikawa wiki, na wiki zikawa miezi mitatu.

Nilikaa nikijiuliza nimekosa nini. Sikumpiga. Sikumtukana. Sikumnyima chochote. Pombe sinywi, nyumba ndogo sina. Nakwenda kwenye karasha asubuhi, narudi jioni vumbi mpaka kwenye kope, naoga, nakula, nalala. Tangu mtoto wetu wa mwisho alipokwenda shule ya bweni Shinyanga hatukuwa tumegombana hata mara moja, na kusema kweli nilikuwa najisifu kwa hilo. Kazini walipolalamika juu ya wake zao mimi nilikuwa nasema nyumba yangu ina amani. Sasa mwenye nyumba ya amani nilikuwa nakula mkate na chai asubuhi na jioni, sielewi chochote.

Nilimtuma mshenga. Ni mzee tunayefanya naye kazi, ndiye aliyenipeleka ukweni miaka kumi na tisa iliyopita, na kwetu mambo ya mke huwezi kuyabeba mwenyewe mkononi, yana mlango wake. Alikwenda Kharumwa, akarudi ameshiba.

"Wamenipokea vizuri sana," alisema. "Wamenichinjia kuku."

"Na yeye?"

"Hakutoka chumbani. Mama yake amesema watafikiri."

"Watafikiri nini?"

"Hakusema. Na mimi nilikuwa nakula."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kwetu mwanamke akirudi kwao moja kwa moja, ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake nao hurudi kwa aliyewatoa. Ukiambiwa njoo uchukue ng'ombe wako, ndoa imekwisha. Sikuwataka wale ng'ombe. Nilimtaka mke wangu. Lakini kama ungeniuliza siku ile namtaka aje tufanye nini, tuongee nini, ningebaki nakutazama.

Basi, asubuhi moja ya Jumanne, nikiwa karibu nusu ya mzunguko, nilimwona mwanamke mbele yangu anatembea. Kitenge cha kijani, kilemba cheupe, mikono nyuma, mguu wa kushoto unaburuzika kidogo. Nilimjua kwa kisogo. Alikuwa mama mkwe wangu.

Niseme kidogo kwa asiyetujua sisi Wasukuma tuliokulia mashambani. Mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Ukimwona njiani unatoka kwenye njia, unachuchumaa pembeni, unatazama chini, mnasalimiana kwa mbali, anapita. Humpi mkono. Huli naye. Humpiti kwa karibu, tena kwa nyuma, ndiyo kabisa. Vijana wa mjini siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao na wanapiga nao picha, mimi siwezi, mwili wenyewe unakataa. Miaka kumi na tisa mimi na mama yule tulikuwa tumeitunza heshima hiyo vizuri mno, mpaka kisogo chake nilikijua kuliko uso wake.

Sasa yuko mbele yangu kwenye njia ya upande mmoja. Uzio kulia, miti michanga kushoto isiyoweza kumficha hata kuku. Na mimi nimevaa ile kaptura.

Nilijaribu kufikiri. Nikimpita, nitampita nimeinama kwenye usukani, makalio juu, yamebanwa na kitambaa cheusi kinachong'aa. Hilo haliwezekani. Nikichuchumaa hapa, ataona miguu yote. Niliamua nimfuate polepole, kwa mwendo wake, mpaka afike getini atoke. Lakini baiskeli ya mbio haijui kwenda polepole. Iliyumba kulia, ikayumba kushoto, nikaenda chini na kishindo. Mama akaanza kugeuka. Nilinyanyua baiskeli nikairukia, nikakimbia kinyume na mshale.

Watu walinipigia kelele. Mama mmoja aliyekuwa anatembea na binti yake aliniita kichaa. Mlinzi wa geti alisikia zogo kabla sijafika, akasimama katikati ya njia amenyoosha mikono, filimbi mdomoni.

"Mzee! Mshale huuoni?"

"Nimemwona mkwe wangu," nilimwambia.

"Mkwe gani?"

"Mama mkwe. Anakuja huku."

Alinitazama usoni, akanitazama kaptura. Yule mlinzi ni Msukuma mwenzangu wa Nyang'hwale, hakuhitaji maelezo zaidi. Alitoa filimbi mdomoni, akasema, "Pole sana, kaka," akanisukuma nyuma ya kibanda chake, akanitupia koti lake la mvua. Baiskeli aliiingiza ndani ya kibanda, akafunga mlango. Nilichuchumaa pale nimejifunika koti kama kuku anayelalia mayai. Nilisubiri muda mrefu.

Hatimaye nikaisikia sauti yake. Alimsalimia mlinzi kwa Kisukuma, kirefu, mpaka hali ya mvua. Kisha akamwuliza kwa Kiswahili, labda kwa sababu neno lenyewe halikuwa na Kisukuma chake.

"Kuna mwanaume wa baiskeli ya mbio anakuja hapa kila asubuhi. Fundi wa makarasha. Amepita hapa sasa hivi?"

"Leo sijamwona, mayu," mlinzi alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma, koti lake likiwa juu ya kichwa changu.

"Basi nitarudi."

Kwa hiyo hakuja kupunga upepo. Alipanda basi kutoka Kharumwa, akafikia kwa mdogo wake anayeishi hapa mjini, akauliza habari zangu, akaja mpaka huku kunitafuta mimi. Nilirudi nyumbani nimevaa koti la mlinzi.

Nilimweleza mshenga kazini. Alizima karasha ili anisikie vizuri, na nilipomaliza alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mama mkwe hamfuati mkwe wake," alisema. "Akimfuata, kuna msiba au kuna ng'ombe."

"Msiba ningepigiwa simu."

"Basi ni ng'ombe."

"Sasa si angekutuma wewe? Au angemtuma baba mkwe?"

"Hapo ndipo na mimi sielewi," alisema, akawasha karasha.

Jumatano sikwenda kuzunguka. Nilikaa kitandani mpaka saa ya kazi. Nilijiambia kwamba maadamu hajanipata, hajasema, na maadamu hajasema, mimi bado nina mke. Nilijua ni ujinga. Mtu mzima, fundi, baba wa watoto watatu, anashikilia ndoa yake kwa kujificha nyuma ya kibanda. Lakini ndivyo nilivyofikiri, na kuna wakati nilijiona mjanja.

Alhamisi nilikwenda. Sijui kwa nini. Nilijiambia ni presha, kwamba siku mbili bila mazoezi ni hatari. Nilikwenda mapema zaidi, nikiamini mama wa umri ule hawezi kutoka kwa mdogo wake kabla ya chai. Juu ya kaptura nilivaa fulana ndefu ya kampeni, iliyofika karibu na magoti. Mlinzi alinipigia saluti. Hewa ilikuwa ya baridi, kanga walikuwa wanalia upande wa matete, na kwa mzunguko wa kwanza nilikuwa karibu peke yangu. Lazima nikiri kitu kimoja: njia ile ni nzuri. Ukizoea kwamba haikupeleki popote, magurudumu yanateleza tu, husikii honi, humwogopi mtu wa lori, na kichwa kinaanza kufunguka. Mimi sikutaka kifunguke.

Kwenye mzunguko wa pili nikasikia kengele nyuma yangu. Kring, kring. Halafu mlio wa keria inayocheza. Niligeuza shingo kidogo.

Alikuwa juu ya baiskeli. Ile nzito ya chuma ya kubebea mizigo, bila shaka ya mume wa mdogo wake, na alikuwa amekaa wima, kitenge amekifunga vizuri kiunoni, anakanyaga pedeli bila haraka. Ndipo nilipokumbuka hadithi za mke wangu. Mama huyu alipeleka maziwa senta kwa baiskeli miaka mingi, madumu mawili nyuma na moja mbele, kwenye njia za mchanga. Mimi nilikuwa nimemfikiria kama mtu wa kutembea kwa mguu unaoburuzika, kumbe mguu unaoburuzika chini haukuwa na shida yoyote juu ya pedeli.

Niliinama nikakanyaga. Baiskeli ya mbio siyo mchezo ikichochewa, nilimwacha mara moja. Kengele ikafifia, ikapotea. Niliendelea kukanyaga. Nilipita benchi la kwanza, nikapita mahali pa kuogea ndege, nikapita geti, mlinzi akanipungia nitoke, sikutoka kwa sababu ya kasi na kwa sababu nilikuwa sifikiri. Nilikuwa nashangilia moyoni jinsi nilivyomwacha mbali. Niliingia kona ya matete, nikainua kichwa, na mbele yangu kulikuwa na kilemba cheupe.

Nilimkimbia mpaka nikamkuta.

Nilishika breki zote mbili. Mama alisikia tairi zinavyolia, akapunguza mwendo. Na mimi nikapunguza. Akasimama. Nikasimama. Tulikaa hivyo, yeye kule na mimi huku, na watu wawili waliokuwa wanakimbia wakapita katikati yetu wakitushangaa. Kisha akaigeuza baiskeli yake, kinyume na mshale, akaja.

Hakukuwa na kibanda wala koti. Niliilaza baiskeli kwenye majani, nikachuchumaa nikiangalia uzio, nikaivuta ile fulana ikafunika magoti. Nilisikia keria inakaribia. Nilisikia anashuka.

"Mwangaluka, nkwilima," alisema. Mkwe wangu, umeamkaje.

"Mwangaluka, mayu."

Akauliza afya. Nikasema nzuri. Akauliza kazi. Nikasema tunashukuru. Akauliza presha, maana alikuwa amesikia. Nikasema inashuka, na siku hiyo nilikuwa nasema uongo.

"Geuka," akasema.

"Siwezi, mama."

"Nimetoka Kharumwa kuja kuongea na shati?"

"Nisamehe, mama. Siwezi."

Nilisikia anavuta pumzi. Halafu nikasikia kitenge kinakaa chini kwenye lami, nyuma yangu, hatua mbili tatu hivi. Nilielewa kwamba naye amenipa mgongo. Tukawa hivyo, mimi natazama ziwa, yeye anatazama mji, na maneno yake yakawa yanakuja kupitia begani.

"Ndiyo vizuri," alisema. "Mimi unanipa mgongo kwa sababu ni mkweo. Mila inataka. Sasa niambie. Mwanangu ulimpa mgongo kwa sababu gani?"

Sikuelewa. Nilimwambia sijawahi kumpa mgongo mke wangu, sijawahi kumkosea heshima.

"Heshima unayo, tena nyingi," alisema. "Hiyo ndiyo aliyokuja nayo nyumbani analia. Amesema ukimkuta kwenye korido unabana ukutani apite. Amesema akiingia jikoni unatoka. Amesema chakula unakula sebuleni, yeye anakula jikoni. Amesema unakohoa mlangoni kabla ya kuingia chumba chenu. Unakohoa, wewe?"

Nilikuwa nakohoa. Ilinijia mara moja, jinsi ninavyosimama mlangoni jioni nakohoa mara mbili, nasubiri kidogo, ndipo naingia. Nilidhani ni vumbi la mawe.

"Nilimwambia anadanganya," mama aliendelea. "Nilimwambia mwanaume asiyepiga, asiyelewa, anayeleta kila kitu nyumbani, huyo unamwacha kwa sababu amekupisha? Rudi kwako. Akaniambia, mama, hujaiona. Mshenga wako akaja, akala kuku, nikamwuliza habari zenu, akasema nyumba ile ina amani. Nikasema basi nitakwenda kuona mwenyewe. Juzi ulipoanguka nyuma yangu niligeuka nikakuona unavyonikimbia. Nikasema, kumbe. Ndivyo alivyonisimulia. Vile vile, hakuna kilichopungua."

Nilitaka kujitetea na nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kwamba wewe nakukimbia kwa heshima, na yeye... na yeye nini? Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumwambia mke wangu neno lisilokuwa la unga au la umeme. Watoto walipokuwepo, tuliongea kupitia kwao. Mwambie baba yako maji tayari. Mwulize mama yako ufunguo uko wapi. Na wao walikuwa wanakimbia huku na huku na maneno yetu, nyumba imejaa sauti, na mimi nilidhani tunaongea. Wa mwisho alipokwenda bweni hakubaki wa kutuma. Tukabaki wawili, kila mmoja anaona haya kwa mwenzake, na mimi haya hiyo nikaiita amani. Niliumia vibaya sana pale nilipochuchumaa. Siyo kwa kuaibishwa, ila kwa kuwa nilikuwa naona kweli, na miezi yote mitatu nilikuwa nimezunguka nayo sijaiona.

"Mama," nilisema, "umekuja kwa habari ya ng'ombe?"

"Baba mkwe wako amekwisha kuwatenga," alisema. "Wako zizi la pembeni. Alitaka kutuma mtu Jumatatu, nikamwomba anisubiri nirudi."

"Sasa utamwambia nini?"

"Simu unayo?"

"Ninayo."

"Mpigie."

"Nimwambie nini, mama?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ndiye mkeo?"

Alinyanyuka. Nilisikia magoti yake, nikasikia anakung'uta kitenge. Aliigeuza baiskeli kufuata mshale, akasema nazunguka mara moja, nikifika hapa nitajua cha kumwambia mzee. Akaondoka, kring, mara moja tu, labda kwa kuaga.

Kilomita nne. Kwa baiskeli ile na mwendo ule, nilikuwa na muda wa kutosha na pia sikuwa na muda wowote. Nilitoa simu kwenye kipochi cha kiunoni. Jina la mke wangu lilikuwepo pale kama nilivyoliandika tangu zamani, Mama, kisha jina la binti yetu wa kwanza. Ndivyo nimemwita maisha yote. Ndivyo watu wote wanavyomwita. Nilipiga, na wakati inaita nikatambua kwamba nikisema Mama fulani nitakuwa tena nimemwita mtoto, nimemtuma mtoto mbele kama kawaida, na mtoto mwenyewe hayupo, ni mtu mzima yuko Mwanza na kazi zake.

Ikapokelewa. Hakusema halo. Nilisikia kinu kinatwangwa kwa mbali, na jogoo.

Nikamwita jina lake. Lile alilopewa na baba yake, nililolisikia mara ya mwisho kanisani siku ya ndoa, padri analisoma. Lilinitoka mdomoni limekauka.

Kinu kikanyamaza.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Mama yangu amefanya nini? Niambie."

"Mama mzima kabisa. Anaendesha baiskeli."

"Sasa mbona unaniita jina langu?"

Nilitazama ziwa. Nilikuwa na jibu moja tu na halikuwa limepangwa. Nilisema sijui. Nilisema nyumba ni kubwa. Nilisema nakohoa mlangoni na hakuna mtu ndani. Nilisema nimekukumbuka, tena siyo jana na leo, nilikuwa nakukumbuka hata ulipokuwa jikoni, na sijui ilikuwaje nikashindwa kuvuka ile korido.

Nilitazama kioo nikidhani amekata, hakuwa amekata. Dakika zilikuwa zinahesabika. Nilisikia anapumua, na baadaye nikasikia anapenga kamasi, na mimi pia nikaona uzio umeingia ukungu.

Kengele ikasikika kwenye kona ya matete. Nilisogea pembeni na simu yangu sikioni, nikachuchumaa, nikaangalia chini. Magurudumu yalikuja, yakapunguza mwendo kidogo usawa wangu, halafu yakaendelea kuelekea getini bila kusimama.

"Nani huyo amepita?" mke wangu aliuliza.

"Mama."

"Umempisha?"

"Nimempisha."

"Haya," akasema. "Sasa ongea na mimi."